Dira ya Ng'ombe na Pikapu ya Mzee Haugen

Delmar Haugen alikuwa ametimiza miaka sabini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwambia usoni kwamba hajui kuendesha gari. Neno hilo lilikuja kusemwa mwezi wa Oktoba, siku ya Jumapili, juu ya meza yake mwenyewe, na aliyelisema alikuwa binti yake wa pekee.

"Baba, jana nilikuwa nyuma yako tangu mjini," Corrine alisema, akimsogezea bakuli la viazi. "Pale kwenye mteremko wa kinu cha upepo, pikapu yako iliruka kama ndama aliyechomwa chapa."

"Iliruka yenyewe. Sikuirusha mimi."

"Gari haliruki lenyewe, Baba."

"Hili linaruka. Nikiwa kwenye maili hamsini, mshale wa spidi unaanguka hadi sifuri. Giaboksi inadhani nimesimama, inashuka gia, injini inapiga kelele kama nguruwe aliyebanwa mlangoni. Nimekwambia mara tatu."

"Na mimi nimeliendesha mara mbili, kwenda Tolland na kurudi. Mshale ulitulia kama picha ukutani."

Delmar aliweka uma chini. Alimlea binti huyu peke yake tangu akiwa na miaka tisa, na alimlea kwa kanuni chache zisizopindishwa: sema ulichokiona, usiseme usichokiona, na kilicho muhimu kiandike. Kanuni hizo zilimpeleka Corrine chuoni na kumrudisha akiwa daktari wa mifugo, tegemeo la wilaya nzima ya vilima vya mchanga. Sasa zilikuwa zimemgeukia mwalimu wake. Corrine aliona gari likiruka. Hakuuona mshale ukianguka. Angesema nini kingine?

"Unafikiri nakanyaga pedali isiyo yenyewe," Delmar alisema.

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, lakini unakata nyama kwa hasira."

Corrine akacheka bila kutaka, kisha akarudi kwenye hoja yake, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuiacha njiani. Jumamosi ndiyo siku ya mnada wa ndama. Kwa majira hamsini na moja ya vuli mfululizo Delmar alikuwa amewapeleka ndama wake mnadani kwa mkono wake mwenyewe, na kila mwenye ng'ombe kuanzia mtoni hadi reli alijua hivyo. Lakini trela lenye ndama kumi na wanne nyuma ya gari linaloruka ni jambo jingine.

"Kesho ipeleke gereji kwa Verla," alisema. "Akilipata tatizo kabla ya Ijumaa saa kumi alasiri, sitasema neno tena maisha yangu yote. Asipolipata, funguo zinakaa kwangu. Na Jumamosi naendesha mimi."

Delmar alikubali. Kilichomuuma ni kwamba masharti yalikuwa ya haki, na kwamba aliyemfundisha Corrine kuweka masharti ya haki alikuwa yeye.

*

Gereji ya Verla Kuchera ilikuwa na jiko la kuni, birika la kahawa lisilooshwa, na ubao juu ya mlango ulioandikwa kwa rangi nyekundu: HAPA HATUBADILISHI KIFAA AMBACHO HATUJAKIPIMA. Verla aliuandika ubao ule mwaka aliomzika mumewe na kuirithi gereji, na watu waliokwenda kwake wakitaka kubadilishiwa vifaa kwa kubahatisha walielekezwa kwa adabu kwenye gereji ya barabara kuu.

Kando ya jiko, kwenye kiti kilichong'olewa katika basi la shule, alikaa Lyle Pospisil, mpeleka barua mstaafu, ambaye hakuwa na kazi pale wala mahali pengine.

"Ni sensa," Lyle alisema kabla Delmar hajamaliza kueleza. "Badilisha sensa, mtu aende zake."

"Lyle," Verla alisema, akivaa miwani yake iliyoning'inia kwa kamba ya kiatu, "ulisambaza barua miaka thelathini bila kuzifungua. Iweje leo uweze kulisoma gari bila kulifungua?"

"Nani kakwambia sikuzifungua?"

Verla aliunganisha kifaa chake na kompyuta ya gari, akasubiri, akasoma. Kisha akamgeukia Delmar, na Delmar akagundua kwamba alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliye mbele ya hakimu.

"Kompyuta inasema imekuwa ikipoteza ishara ya mwendo. Mara kumi na saba tangu mwezi wa Juni."

"Kumi na saba," Delmar alirudia. Hakuwahi kufurahia ugonjwa kiasi kile. "Basi mwambie Corrine."

"Nitamwambia nini? Kwamba ishara inapotea? Atauliza inapotelea wapi, na atakuwa sahihi. Kaa chini, mzee wangu. Hapana, usikae. Nitakuhitaji kwenye tairi."

Akamweleza, kwa maneno machache, kama alivyomweleza kila mwenye gari, kwa kuwa aliamini mtu hana haki ya kumiliki asichokielewa. Ndani ya difu, ile nundu ya gia katikati ya ekseli ya nyuma, kuna pete ya chuma yenye meno, inayozunguka pamoja na magurudumu. Juu yake, kwenye tundu, imechomekwa sensa yenye ukubwa wa kidole gumba. Kila jino linapopita mbele ya sensa, sensa inatoa mpigo mdogo wa umeme. Kompyuta inaihesabu mipigo ile, na kwa hesabu hiyo inauinua mshale wa spidi na kuiamuru giaboksi ibadilishe gia. Mipigo ikikatika, gari linalokwenda maili hamsini linaamini kwamba limeegeshwa.

"Kwa hiyo kuna mambo matatu," Verla alisema. "Sensa imekufa, au waya umekatika, au kuna kitu katikati ya sensa na meno. Tutauliza kwa zamu."

Alichomoa plagi ya sensa, akagusisha ncha mbili za mita ya umeme, akasoma: elfu moja na mia nne. Akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari. Namba ilikuwa ndani ya mipaka. Akarudisha plagi, akaenda mbele, akapima tena kutoka upande wa kompyuta, mwisho mwingine wa waya, huku Delmar, aliyekwisha kuamriwa kulala chini ya gari, akiutikisa waya kila mahali ulipopita. Elfu moja na mia nne, haikuyumba.

"Sensa ni nzima na waya ni mzima," Verla alitangaza. "Lyle, ungekuwa umeshamnunulisha mtu sensa asiyoihitaji."

"Ningekuwa nimeshamaliza na kunywa kahawa."

"Unakunywa kahawa."

Wakaipandisha pikapu nyuma kwa jeki, wakaiweka juu ya vigingi vya chuma. Verla aligeuza mita ipime umeme wa mipigo, akamwashiria Delmar ashike tairi.

"Zungusha. Polepole, kwa mwendo mmoja, kama unamzungusha mke wa mchungaji kwenye dansi ya kanisa."

Delmar akazungusha. Namba kwenye mita ilipanda, ikasita, ikaanguka, ikapanda nusu, ikaanguka tena. Hata Lyle aliinuka kwenye kiti kuja kutazama. Verla akafungua skrubu moja, akaivuta sensa kutoka kwenye tundu lake, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ncha yake ilikuwa imefunikwa na vumbi jeusi la chuma, lililosimama wima, nene, kama kidevu cha mtu aliyerudi kutoka mawindoni.

"Tazama," alisema. "Ina ndevu kukushinda."

Aliinyoa kwa kitambaa, akairudisha, na Delmar alipozungusha tairi safari hii namba ilipanda bila kusita. Verla alikunja uso kidogo, kwa kuwa alitarajia ipande zaidi ya hapo, lakini ilikuwa imetulia, na mipigo iliyotulia ndiyo iliyotakiwa. Delmar alirudi nyumbani kwa maili hamsini na tano, kidole kimoja kikiinuka juu ya usukani kumsalimu kila aliyepishana naye, wakiwemo wawili asiowajua.

*

Jumatano asubuhi Corrine alikuja ranchini kumtazama ng'ombe namba arobaini na moja, aliyekuwa ameacha kula na kusimama amekunja mgongo. Walimwingiza kwenye kibano cha mbao. Corrine alitoa dira yake ndogo yenye uzi mwekundu kutoka mfuko wa ovaroli, akaishika nyuma ya kiwiko cha kushoto cha ng'ombe, akaitembeza huku na huku. Mshale wa dira haukujali.

"Hana sumaku," alisema. "Nadhani amemeza waya."

Delmar alijua yaliyofuata, na alikwisha kushika kichwa cha ng'ombe. Ng'ombe hachagui: anakula nyasi pamoja na msumari uliomo na kipande cha waya wa uzio, na chuma hicho kikizurura tumboni hutoboa kuelekea moyoni. Kwa hiyo humezeshwa sumaku laini yenye urefu wa kidole. Inakaa tumboni maisha yake yote, na kila chuma anachokimeza kinakwenda kuishikilia na kutulia hapo. Dira ndiyo inayomwambia daktari kama ng'ombe amekwisha kupewa yake, kwa kuwa mbili hazihitajiki.

Corrine alisukuma sumaku kooni kwa bomba lake refu, akangoja mpaka ng'ombe akameza. Kisha akachomoa kitabu chake chenye jalada la kijani na kuandika: tarehe, namba arobaini na moja, sumaku moja. Sumaku aliyoitoa kwenye boksi haikuwahi kupita bila kuandikwa.

"Na pikapu?" aliuliza, bila kuinua macho.

Delmar alikuwa ametoka mjini saa moja iliyopita. Pale darajani mshale ulianguka, ukalala kwenye sifuri, giaboksi ikashuka, kikombe cha kahawa kikamwagika gotini. Hakuna aliyekuwa pamoja naye. Hakuna aliyekuwa nyuma. Angeweza kusema inaendelea vizuri, na angekuwa amepata siku mbili za amani.

"Imerudia," alisema. "Leo. Darajani."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

Corrine alifunga kitabu. Delmar alilitazama goti la suruali yake lenye doa la kahawa kana kwamba ni hati ya ushahidi.

"Angalau kahawa ipo," alisema.

"Kahawa huwa unamwaga hata ukiwa umekaa jikoni, Baba."

*

Alhamisi Verla aliivuta tena sensa, na ndevu zilikuwa zimeota upya, nene kuliko za Jumatatu.

"Siku tatu," Lyle alisema. "Difu inakufa hiyo. Gia zinajitafuna. Nunua difu nzima."

"Tutaziuliza gia," Verla alijibu.

Akamwaga mafuta ya difu kwenye karai, akafungua mfuniko, akaingiza taa. Jino kwa jino alipitisha kidole chake kilichofungwa kitambaa. Meno yalikuwa safi, yenye mng'ao, hayana pengo wala ufa. Mafuta yalikuwa na weusi wa kawaida wa gari lenye miaka tisa na vilima vingi nyuma yake. Gia zote duniani hutoa vumbi kidogo. Ndiyo maana chini kabisa ya difu ile, kama ilivyo kwenye nyingi, watengenezaji walibandika sumaku ndogo ya kulikusanya.

Verla aliipapasa sumaku ile ya chini, akatoa kidole, akakitazama kwa muda mrefu.

"Haina kitu," alisema.

"Si vizuri?" Delmar aliuliza.

"Si vizuri hata kidogo. Miaka tisa, na iko safi kama sahani. Vumbi lote limepanda juu kwenye sensa. Vumbi la chuma halipandi mlima bila sababu."

Kwa mara ya kwanza tangu Delmar amfahamu, Verla Kuchera alikaa chini bila spana mkononi. Aliufunga mfuniko na kuweka mafuta mapya, lakini pikapu aliiacha juu ya vigingi na funguo akazitundika kwenye msumari karibu na dirisha. Delmar alirudishwa nyumbani na Lyle, ambaye aliendesha maili thelathini kwa saa na kueleza njia nzima jinsi yeye angelitatua suala hilo.

Ijumaa ilikuwa siku ya chungu pale gerejini. Kila Ijumaa ya majira ya baridi na ya vuli, Verla alipika supu nzito ya nyama na maharage yenye pilipili, ikaliwa pamoja na mkate mtamu wa mdalasini uliosokotwa, kama walivyolishwa wote walipokuwa shule. Delmar alipewa bakuli lake saa nane na hakuligusa. Saa tisa u nusu gari la Corrine liliingia uani. Alishuka akiwa bado na ovaroli, akasimama mlangoni, akautazama msumari wenye funguo na kisha baba yake. Haikuwa sura ya mtu aliyekuja kuchukua ushindi.

"Imebaki nusu saa," alisema kwa upole. "Nitakula kwanza."

Akachovya mkate wake ndani ya supu. Delmar alimtazama akiuinua, matone yakidondoka, na kutoka kwenye mfuko wa kifua wa ovaroli ile uzi mwekundu wa dira ukichungulia. Akageuka kuitazama sensa iliyolala juu ya meza ya kazi na ndevu zake. Kisha akautazama uzi tena. Kitu fulani kichwani mwake kilikaa sawasawa mahali pake, kama lango linapopata komeo lake.

"Corrine," alisema. "Ng'ombe akichinjwa, ukimfungua tumbo, misumari unaikuta wapi?"

"Baba, nakula."

"Unaikuta wapi?"

"Yote imeshikana kwenye sumaku. Unajua."

"Hata kama sumaku haiko chini?"

"Popote ilipo. Inaifuata ili…" Corrine akaacha mkate hewani. Verla alikwisha kusimama.

"Leta hiyo dira," Delmar alisema. "Gari hili ni ng'ombe aliyemeza sumaku."

"Subiri kidogo," Corrine alisema, na sauti yake ikawa ya daktari. "Difu ni chuma tupu. Dira itacheza karibu na chuma chochote. Haitathibitisha kitu."

"Basi tuipime kwanza kwenye ekseli nyingine," alisema Verla. "Lyle, pikapu yako ni ndugu wa hii, mwaka mmoja tofauti. Lala chini."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu kwa mwezi mzima huu ndiyo kazi ya kwanza unayopewa."

Lyle alilala kwenye changarawe uani, akaitembeza dira juu ya difu yake mwenyewe. Mshale uliyumba kidogo, kwa uvivu, ukarudi. Akatangaza hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi. Wakarudi ndani. Corrine mwenyewe aliingia chini ya pikapu ya baba yake, na Delmar akapiga magoti kando ya tairi ili aone. Dira ilipokaribia juu ya ekseli, mshale uligeuka ghafla na kuelekea sehemu moja. Corrine akaivusha upande wa pili wa difu, mshale ukageuka tena na kuelekea pale pale. Sehemu yenyewe ilikuwa nundu ya tope lililokauka na nyasi na mafuta ya mwaka mzima, kando kabisa ya tundu la sensa.

"Bisibisi," alisema, akinyoosha mkono nje kama alivyozoea kwenye upasuaji.

Alikwangua. Tope lilianguka vipande vipande, kisha kikasikika kitu kikibanduka kwa shida kutoka kwenye chuma. Corrine akatoka chini ya gari akiwa amekishika kiganjani: fimbo fupi, laini, yenye urefu wa kidole. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni kitu gani. Wote wanne walikwisha kuwamezesha ng'ombe vitu kama hivyo.

"Kwa hiyo ilikuwa inavuta kutoka nje," Verla alisema polepole, na uso wake uling'aa. "Inavuta vumbi lote na kulikusanya kwenye ncha ya sensa. Tena inaivuruga sensa yenyewe, ndiyo maana namba haikupanda nilivyotaka. Vumbi likilala vizuri, sensa inasikia meno. Mafuta yakipata moto na vumbi likisogea, inazibwa masikio. Nyumbani inapona, barabarani inaugua. Mzee wangu, hukukanyaga pedali yoyote isiyo yenyewe."

"Lakini nani aliiweka hapo?" Lyle aliuliza. "Mimi nasema ni wale wa barabara kuu waliokubadilishia matairi. Watu wale wangebandika hata kengele."

Delmar alikuwa bado amepiga magoti. Alikuwa anaitazama sumaku, na Aprili ilikuwa inamrudia, kwanza harufu yake, tope na maziwa ya kwanza, kisha yote kwa pamoja. Baba yake alikuwa akibandika sumaku za ng'ombe chini ya trekta ili zikusanye vumbi la chuma kwenye mafuta, na wazee wote wa vilima vile walifanya vivyo hivyo. Naye Delmar, akiwa chini ya pikapu siku moja ya msimu wa kuzaa, aliona ni busara difu nayo ipate yake. Aliibandika juu, mahali ambapo mawe hayangeing'oa. Kisha mtamba mmoja akaanza kuzaa vibaya, Delmar akatoka mbio kumsaidia, na jambo lile likafutika kichwani mwake kana kwamba halikutendeka.

Kosa la sumaku halikumtisha. Lililomtisha ni kusahau. Mzee anayeshitakiwa kwamba akili yake inaanza kumwacha, amebandika ugonjwa kwenye gari lake kwa mkono wake, kisha akasahau, kisha akalilalamikia gari miezi minne. Na Lyle alikuwa amemfungulia mlango mpana kabisa wa kutokea. Watu wa barabara kuu wasingejua kamwe kwamba wamesingiziwa.

Akainuka, goti moja kwanza, akaivaa kofia yake vizuri.

"Hawakuwa wao," alisema. "Ni mimi. Mwezi wa Aprili. Niliibandika, nikasahau kabisa. Funguo ziko kwenye msumari, Corrine. Tatizo lililopatikana ni mimi."

Lyle aliangalia jiko. Verla akavua miwani, akaanza kuisafisha ilhali haikuwa chafu. Corrine hakwenda kwenye msumari. Alisimama akiipima sumaku kiganjani, na polepole shingo yake ikaanza kuwa nyekundu.

"Aprili," alisema. "Sumaku uliipata wapi?"

"Sikumbuki."

"Ndani ya wilaya hii kila sumaku inatoka kwenye boksi langu."

Akatoka nje. Walimwona kupitia dirishani akiinama ndani ya gari lake, na akarudi na kitabu chenye jalada la kijani, akikifunua kwa kidole gumba, Oktoba, Agosti, Juni. Akasimama kwenye ukurasa mmoja. Angeweza kukifunga. Delmar, aliyemfundisha kuandika kwa penseli iliyochongwa kwa kisu, aliona wazi kwamba angeweza, na kwamba hatakifunga.

"Aprili kumi na nane," alisoma, kwa sauti ileile ya Lyle ya matokeo ya uchaguzi, ila yake ilitetemeka kwa kicheko. "Namba kumi na mbili, sumaku moja. Namba thelathini, sumaku moja. Baba, sumaku moja, kwa ajili ya difu. Nimemshikia taa."

Verla akaivaa tena miwani yake.

"Ulimshikia taa," Verla alisema.

"Nimemshikia taa. Mwandiko wangu. Sikumbuki chochote."

"Una miaka mingapi, Daktari?" Lyle aliuliza kwa heshima kubwa.

"Arobaini na minne."

"Mapema hivyo. Inasikitisha. Unaendesha gari bado?"

Verla ndiye aliyeanza kucheka, kisha Lyle, na Corrine akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaficha uso wake ndani ya kitabu, mabega yakimtikisika. Delmar alijitahidi kubaki na uso wa mtu mzima aliyetendewa haki. Alishindwa.

Haikuwa imefika saa kumi. Verla aliinyoa sensa kwa mara ya mwisho, akairudisha, akawasha mita. Safari hii Corrine ndiye aliyeshika tairi, na alipozungusha, namba ilipanda moja kwa moja hadi juu ya ile ya Jumatatu, ikakaa huko. Verla akaiandika. Wakashusha gari chini. Corrine akazitoa funguo kwenye msumari na kuziweka kwenye kiganja cha baba yake, akakifunga kiganja kile kwa mikono yake miwili.

"Kesho nitakuja na wewe," alisema.

"Kunichunga?"

"Kuutazama mshale. Nilisema sikuuona. Nataka kuuona usipoanguka."

Delmar alivuta bakuli lake la supu, ambayo ilikuwa imepoa, akaimaliza yote na mkate mmoja na nusu, nusu ikiwa ya Lyle.

Jumamosi, kwenye mteremko wa kinu cha upepo, pikapu ilishuka na ndama kumi na wanne nyuma yake kwa maili arobaini na tano, giaboksi ikibadilisha gia kwa utulivu. Lyle alipishana nao kwa maili thelathini, na Delmar akainua kidole kimoja juu ya usukani. Corrine aliutazama mshale tangu lango la ranchi hadi uwanja wa mnada, kama alivyoahidi, kisha akaandika kwenye kitabu chake kwamba haukuanguka.

Sumaku yenyewe ilichemshwa na kusuguliwa. Jumatatu iliyofuata ilikwenda kwa ng'ombe namba hamsini na sita, na Corrine aliiandika mara mbili, kwenye kitabu chake na kwenye kalenda ya jikoni kwa baba yake.